Injini Inayogonga Kisha Ikanyamaza: Namna ya Kuisaka Kelele Kabla ya Kufungua Kitu

Asubuhi moja dereva wa Probox alisimamisha gari mbele ya gereji yangu hapa Lamu Road, Malindi, akazima injini, akawasha, akazima tena. Ilikuwa ikinguruma laini kama cherehani iliyotiwa mafuta jana. "Ami," akaniambia, uso umemsawijika, "wallahi tangu Kilifi yagonga. Njia nzima yagonga. Nikifika hapa kwako yanyamaza." Kwingine alikopita walishamwambia injini imekwisha, atafute iliyotumika kutoka Japani wamfungie.

Sikushika spana. Nilimpa kigoda nikaanza kumwuliza. Ilianza ukiwa wapi? Umebeba nini? Injini baridi au moto? Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi? Ulikuwa wakanyaga mafuta au umeachia? Mengi aliyajibu kwa kukisia, mpaka akafika kwenye jambo moja ambalo hakulikisia: "Nikikata kona, ami. Na nikishika breki ya ghafla kwenye matuta."

Hapo nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha mpaka mwisho, nikakichomoa tena. Oili ilikuwa imelowesha ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Injini ile, 1NZ-FE ya lita 1.5, hubeba kama lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Mpaka nafikisha alama ya juu, ilikuwa imekunywa karibu lita mbili. Gari likienda sawa, bomba la kunyonya oili ndani ya sampu, lile karai la oili chini ya injini, lilikuwa linapata. Likikata kona, oili ile kidogo ilikimbilia ubavuni, pampu ikanyonya hewa, na kwa sekunde mbili tatu vyuma vikasagana vikavu. Ndiyo kelele yenyewe. Injini haikuwa imekwisha, ila ilikuwa njiani.

Nimeanza na gari hili kwa sababu linaonyesha ninachotaka kusema: kelele inayokuja na kuondoka ina ratiba yake. Kelele ya kudumu hukuachia swali moja tu, inatoka wapi. Hii ya mara moja moja hukupa na la pili, inatoka lini, na jibu la hilo la pili ndilo linalookoa injini za watu. Fundi anayefungua kabla ya kujua lini, anabahatisha kwa pesa za mwenziwe.

Siku tatu za kuandika

Kabla ya kuja kwa fundi, weka daftari dogo garini, au rekodi kwa simu. Kila inapogonga, andika ukishasimama: injini ilikuwa baridi, vuguvugu au moto, gari limesimama au linakwenda, limebeba watu wangapi, umekanyaga mafuta, umeachia, au ndiyo kwanza unaachia, unakata kona upande gani, kiyoyozi kimewashwa au la, feni ya rejeta inazunguka au imelala, mafuta yaliyomo tangini uliyatia kituo gani. Andika pia mlio ulivyo. Kuna mlio mwembamba wa tik-tik-tik, kuna wa kokoto zinazotikiswa mkebeni, na kuna mzito wa nyundo iliyofungwa kitambaa. Huhitaji kujua majina ya vyuma. Mtu aliyekuja na kurasa mbili za namna hii ameshafanya nusu ya kazi yangu.

Jambo moja lisingoje siku tatu: oili. Pima leo, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika tano hivi. Na taa ya oili ikiwaka, hata ikipepesa mara moja tu kwenye kona, simama pembeni uzime injini hapo hapo. Taa ile inasema msukumo wa oili umeshuka. Si ya kukukumbusha sevisi.

Kisha jiulize kama kelele ni ya injini kweli. Inayokuja gari likipita shimoni au kwenye changarawe tu, na haiji kamwe gari limesimama hata ukikanyaga mafuta, huwa ni ya chini ya gari, kwenye maungio ya magurudumu: bolijointi, linki, bushi. Hayo ni mazungumzo mengine.

Vinavyogonga vikiwa vimeshikamana na injini

Hapa ndipo injini nyingi nzima zinapohukumiwa kwa kosa la jirani zao.

Kwa sisi watu wa Pwani wa kwanza kushukiwa ni kompresa ya kiyoyozi. Klachi yake hushika na kuachia yenyewe kadiri ubaridi unavyopanda na kushuka, kwa hiyo beringi yake ikichakaa au boliti ya kishikilio chake ikilegea, kelele huja nusu dakika, huondoka, hurudi, na dereva huapa kuwa haina mpango. Mpango upo. Zima kiyoyozi kilomita kumi nzima, madirisha wazi. Ikinyamaza moja kwa moja, umemjua mwizi.

Wa pili ni feni ya umeme ya rejeta. Haizunguki mpaka maji yapate moto, kwa hiyo bawa lililopasuka, au kipande cha plastiki kilichoning'inia, hugonga ukiwa kwenye foleni ya sokoni na hunyamaza ukitoka mjini upepo ukaipoza rejeta. Acha gari liungurume limesimama mpaka feni iwake yenyewe, kisha sikiliza.

Wa tatu ni mabati ya kukinga joto juu ya bomba la moshi. Hewa yetu ya chumvi huyala taratibu kuanzia kwenye tundu za boliti, na bati lililobaki limeshikwa na boliti moja huweza kuimba kama beringi iliyokufa, tena kwenye kasi fulani tu ya injini. Gari likiwa limepoa, ligonge kwa ngumi iliyovikwa glavu. Likijibu kwa mlio uleule, klempu ya bomba itamaliza kazi.

Mauntingi, yale mapande ya mpira na chuma yanayoshikilia injini, hujulisha kwa pigo moja zito ukitoa gia ya kuegesha kwenda ya mbele, au ukiachia mafuta ghafla. Pigo moja, haliendi na mzunguko wa injini. Mtu mmoja akae ndani, akanyage breki mpaka mwisho, ahamishe gia mbele na nyuma. Wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele ya gari, uitazame injini inavyoruka.

Altaneta na puli hujaribiwa kwa kutoa mkanda na kuwasha injini kidogo bila ya mkanda. Hapa niwe mkali. Kwenye injini kama ile 1NZ, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Sekunde ishirini au thelathini zatosha kusikia, kisha zima. Na ukiwa karibu na mkanda unaozunguka, kikoi, kanzu, mtandio na tasbihi ya shingoni vikae mbali. Mkanda hauachii kilichonaswa.

Kusikiliza mahali kelele ilipo hakuhitaji mashine ya bei. Chukua bisibisi refu, weka ncha yake kwenye kifuniko cha altaneta, kwenye kompresa, kwenye kifuniko cha vali, ubavuni mwa bloku, na kwenye sampu kwa chini, huku mpini umeushikiza kwenye mfupa mbele ya sikio. Kipande cha mpira wa bomba la maji hufanya kazi vizuri zaidi pale panapovuja hewa. Anza mahali unapojua ni pazima, sikio lipate la kulinganisha. Nozeli za petroli hutoa tik-tik yake kila siku, na vali ndogo ya mvuke wa tangi nayo hutikitika ikipenda injini ikishapata moto. Hizo ni sauti za afya.

Inagonga asubuhi, ikipata moto inanyamaza

Mlio ukiwa wa sekunde moja au mbili tu mara baada ya kuwasha, kama mnyororo unaoburutwa, kisha kimya mpaka kesho, tazama oili na filta kabla ya kuitazama cheni ya taiming, ile inayozungusha mihimili ya vali. Kikaza-cheni kwenye injini nyingi husukumwa na oili. Filta ya bei ya chini isiyo na vali ya kuizuia oili isirudi chini huiacha yote ikashuka usiku, na asubuhi cheni hulegea mpaka pampu ijaze njia upya. Oili nzito kupita kiasi huchelewesha vilevile. Nawajua wanaotia 20W-50 kwenye kila gari kwa sababu "Malindi kuna joto". Joto lipo, lakini injini ya kisasa iliyoandikiwa 5W-30 ina njia nyembamba za oili, na kwanza mtii aliyeitengeneza. Badilisha oili na filta ya kweli, sikiliza asubuhi tatu. Ikiendelea, ndipo ufungue kifuniko utazame kikaza na miongozo ya cheni.

Mlio mwembamba wa tik-tik unaokwenda dakika kadhaa na kufifia kadiri vyuma vinavyopata moto, mara nyingi ni moshi unaotoka penye gasketi ya manifodi, yale mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda. Chuma kikitanuka, ufa hujiziba. Tafuta alama nyeusi ya masizi kwenye maungio. Mwambie mtu azibe kidogo mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa, injini ikiwa bado baridi: moshi utasukumwa kwenye ufa na tik-tik itapanda. Plagi isiyokazwa vizuri hutoa mlio wa namna hii pia, na kuikaza ni kazi ya dakika tano.

Kisha kuna pistoni inayopiga ukuta wa silinda kwa sababu nafasi imekua. Mlio wake ni mfu, kama wa kubisha mtungi mtupu wa udongo, na hupungua pistoni ikitanuka. Gari laweza kuishi miaka na ugonjwa huu ikiwa halili oili sana.

Hapa nina neno na mafundi wenzangu. Tumezoea kuitoa thamostati na kuitupa, eti kwetu Pwani haina kazi. Kazi inayo. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake na kuidumisha hapo. Ukiitoa, injini huchukua muda mrefu kupata moto, pistoni hubisha njia nzima, petroli huosha oili ukutani, na uchafu hujijenga. Gari likipandisha joto, tatizo mara nyingi ni rejeta iliyoziba kwa kutiwa maji ya kisima chenye chumvi. Tia maji yaliyosafishwa na dawa yake, irudishe thamostati.

Inagonga ikibeba mzigo

Hili ndilo lenye kelele za kuchanganya zaidi, kwa sababu ya neno moja. Wenye magari husema "injini imenoki" kwa mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: mafuta yanayolipuka vibaya, na beringi iliyokwisha. La kwanza laweza kupona kwa tangi moja la petroli nzuri. La pili halina dawa ya kunywa.

Kugonga kwa mafuta husikika hivi: umejaza gari, jua la saa nane, kiyoyozi juu, umevuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, au unapandisha njia ya Marafa, gia ni ya juu kuliko inavyofaa, unakanyaga. Hapo unasikia kokoto ndogo zikitikiswa mkebeni. Ukiachia mafuta zinanyamaza mara moja. Ukishusha gia zinapungua. Gari likiwa limesimama, hata ukinguruma namna gani, hazisikiki.

Kinachotokea ni hiki. Cheche ya plagi hulitangulia pigo la pistoni kidogo, moto ukaanza kutembea kutoka kwenye plagi kwenda pembeni. Wakati huo mchanganyiko uliobaki pembeni unabanwa na kupata joto. Petroli ya kiwango chake huvumilia mpaka moto uufikie. Dhaifu hulipuka yenyewe kabla, mawimbi ya msukumo yakapiga kuta za silinda, na mlio ule ni wa kuta hizo. Injini za siku hizi zina sensa inayousikia mtetemo na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Ndiyo sababu kelele huja kidogo ikapotea, na gari likawa zito. Lakini sensa ina mpaka wake.

Sababu za kwanza kutazamwa ni za tangini. Mafuta ya taa hulipuka yenyewe upesi kuliko petroli, na yakichanganywa nayo injini hugonga. Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuondoa faida ya kuchanganya. Hata hivyo, petroli ya dumu la barabarani usiiamini. Toa matone machache ya petroli yako, uyadondoshe kwenye karatasi nyeupe kivulini, mbali na moto wowote. Petroli safi hukauka na kuacha karatasi karibu kama ilivyokuwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokaa. Jaribio hili halina usahihi wa maabara, ila pamoja na daftari lako linasema mengi: kama kurasa zote za kelele zinafuata kituo kimoja, punguza tangi mpaka karibu na mwisho, jaza kwingine, rudi njia ileile na mzigo uleule.

Isipopona, tazama joto la injini, kisha plagi: namba yake ni ile ya kitabu cha gari? Plagi ya joto jingine huwa kama kaa la moto ndani ya silinda. Tazama hewa inayoingia bila ruhusa penye mipira iliyopasuka nyuma ya filta ya hewa, ambayo huufanya mchanganyiko uwe mkavu, yaani hewa nyingi petroli chache. Mashine ya kusoma kompyuta huonyesha namba ya hitilafu P0171 mara nyingi hapo. Ikionyesha P0325, inasema juu ya sensa ya kugonga au waya zake. Nimewaona watu wameambiwa namba hiyo ni cheti cha kifo cha injini. Waya iliyoliwa na kutu huitoa namba hiyohiyo. Mwisho, injini iliyojaa masizi juu ya pistoni hubana mchanganyiko zaidi ya kipimo, na husafishwa.

Inagonga ikishapata moto

Sasa tumefika kwenye ile ambayo sitaki uendeshe nayo.

Asubuhi injini ni nzima au karibu nzima. Baada ya dakika ishirini, oili ikishakuwa nyepesi, unasikia nyundo. Kwanza kwenye kasi fulani tu, halafu kila siku kasi hiyo inapanuka. Ishike injini kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika, gari limesimama, kisha achia mafuta taratibu: beringi ya konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki (mhimili mkuu wa chini wa injini), hugonga zaidi pale pale inapoanza kushuka, kwa sababu mzigo umeitoka na konrodi inacheza huru kwenye kranki. Beringi kubwa za kranki, kinyume chake, hunguruma kwa uzito wa chini kabisa injini ikibanwa, na utaihisi kwa nyayo kabla ya masikio.

Mwendo wa mlio nao husaidia. Kwenye injini ya mapigo manne kamshafti, mhimili wa juu unaofungua vali, huzunguka nusu ya kasi ya kranki. Ikinguruma polepole kwa mizunguko 800 kwa dakika, kranki hupita mara 13 kila sekunde, kamshafti sita au saba tu. Mlio unaokaribia kuhesabika kwa kidole ni wa juu, wa vali. Unaokwenda mbio mpaka unashikana ni wa chini. Vali zilizolegea hutik-tika sawasawa, hazijali mzigo, na hazimtupi mtu njiani. Kwenye 1NZ hupimwa kwa filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, injini ikiwa baridi kabisa, na nafasi hurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vilivyo juu ya vali, kwa hiyo usikubali kuambiwa "nimezikaza" na mtu ambaye hakuitoa kamshafti.

Ili kujua silinda ipi, chomoa soketi ya nozeli moja, sikiliza, irudishe, nenda ya pili. Silinda ambayo mlipuko wake ukizimwa nyundo inafifia au inabadilika, ndiyo yenye beringi mbovu. Nachagua soketi ya nozeli kuliko ya koili kwa makusudi: ukizima cheche petroli ikaendelea kumwagika, inakwenda mbichi mpaka kwenye kisafisha-moshi na kukiunguza.

Kisha kata filta. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, maana hakuna maneno hapa, kuna macho. Imwage oili kwenye karai safi jeupe, ikate filta kwa msumeno wa chuma ukiwa na uangalifu vumbi la msumeno lisiingie ndani, ikunjue karatasi yake kama unavyokunjua ukili, uitoe juani. Igeuze polepole. Nyeusi tupu ni masizi ya kawaida. Vinavyometa kama magamba madogo ya samaki ni vyuma vinavyolika, mara nyingi vya beringi. Pitisha sumaku: vinavyorukia ni chuma cha kranki, kamshafti au cheni, visivyorukia ni madini laini ya beringi, ya rangi ya fedha au ya shaba. Ukiona rangi ya shaba, tabaka la juu limeshalika. Nafasi nzima kati ya kranki na beringi nzima ni kama nusu ya unywele, na inakaliwa na oili peke yake. Vigamba vile vilikuwa ukuta wa nafasi hiyo.

Yule dereva wa Probox nilimkatia yake. Tulisimama wawili juani tukiigeuza karatasi, yeye hapumui. Ilikuwa nyeusi tupu. Nikampa aipitishe sumaku mwenyewe.

Ikiwa vigamba vipo, gari lisiondoke kwa nguvu zake. Livutwe. Watakuja watu wakuambie utie oili nzito ikufikishe Mombasa. Kilomita kama 120 na beringi iliyofunguka, konrodi ikikatika itatoboa bloku, na kranki ambayo ingechongwa ikafungwa beringi za saizi kubwa itakuwa chuma chakavu. Na kabla ya kununua injini iliyotumika, tafuta kwanza kwa nini beringi ilikufa. Kama ilikuwa oili chache, oili ilikwenda wapi? Ringi zilizokwama? Sili inayovuja? Ukiliacha swali hilo, injini ya pili itakwenda njia ya ya kwanza.

Pima pia msukumo wa oili kwa geji ya kweli, injini ikiwa moto, ukifunga mahali pa swichi ya oili. Kanuni ya kijuujuu ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ikiwa chini ya hapo na oili ni sahihi na imejaa, ugonjwa ni wa kweli.

Dizeli, na maji

Hiace za dizeli hugonga zikiwa baridi kwa asili yake. Kinachonishtua ni silinda moja kuanza kupiga nyundo kwa ghafla na moshi mweupe au mweusi kuongezeka: nozeli inamwaga badala ya kunyunyiza. Kwenye pampu za zamani fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli moja moja na kusikiliza. Kwenye dizeli mpya za reli moja ya msukumo usithubutu. Msukumo hufika zaidi ya baa 1,000, na mafuta hayo hutoboa ngozi yakaingia mwilini. Huko hutumika mashine ya kompyuta.

Na kama kelele ilianza siku ulipopita kwenye maji, tuseme njia ya Garsen kwenda Mokowe wakati Tana umefurika, niambie hilo kwanza kabisa. Maji hayabanwi. Silinda ikiyameza, konrodi hupinda kidogo, gari likawaka tena likaenda, na ikagonga baadaye. Hiyo huonekana kwa kupima kompreshani, yaani nguvu ya kubana, ya silinda zote, moja ikawa chini ya wenzake.

Baada ya matengenezo

Usilipokee gari likiwa kimya gerejini, kwa sababu lilikuwa kimya gerejini hata lilipokuwa gonjwa. Rudi kwenye daftari, chukua ukurasa wenye kelele mbaya zaidi, na uurudie: saa ileile, mzigo uleule, njia ileile, kiyoyozi kama kilivyokuwa, fundi ameketi kando yako. Na yule wa Probox nilimwambia apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, aandike. Wiki ya tatu alikuja na daftari: robo lita kila siku nne, na doa jipya chini ya gari anapoegesha. Tuliinua gari, nikamulika tochi nyuma ya injini. Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa inadondosha, tone kwa tone.